Msamba wa Madawati Mawili

Kama na wewe umechanika msuli pale ambapo paja linaungana na kiwiliwili, upande wa ndani, nakupa pole, halafu nakupa onyo: maumivu siyo tatizo lako kubwa. Tatizo lako kubwa ni swali. Kila mtu atakuuliza, "Unaumwa wapi?" Anayeumwa jino anaonyesha jino. Anayeumwa goti anapandisha suruali. Wewe utaonyesha nini? Mimi nimeulizwa na mwalimu wa zamu, na balozi wa nyumba kumi, na muuza vitumbua, na padri, mpaka nikajifunza kujibu kwa kidevu. Unakishusha kidogo, unaangalia pembeni, unasema, "Hapa hivi." Wenye akili wataelewa. Wasioelewa ni wambeya, usiwaongezee.

Ninaandika haya nikiwa natembea, nakimbia, na kuchuchumaa chooni kama binadamu wengine, jambo ambalo kuna kipindi niliona ni anasa ya matajiri. Msuli wenyewe unaitwaje, sijui, waulize waliosomea. Mimi nitakueleza yaliyonipata, ili yakikupata ucheke mapema kuliko nilivyocheka mimi.

Chanzo ni video. Miaka hii mji wetu wa Morogoro umejaa vibanda vya video. Baba anasema zamani mtu mwenye redio alikuwa anaamkiwa mara mbili. Siku hizi kila kona ya Mji Mpya kuna mtu ametandika mabenchi, ametundika pazia jeusi mlangoni, na ndani Wachina wanapigana kuanzia asubuhi. Mimi na rafiki yangu Shabani ni wateja wa kudumu. Katika mkanda mmoja kulikuwa na jamaa ambaye akitaka kufikiri, anaweka kiti huku, kiti kule, mguu mmoja juu ya hiki, mwingine juu ya kile, halafu anashuka taratibu mpaka anakaa hewani kwa msamba. Anafumba macho. Anafikiri. Nikaona hiyo ndiyo akili niliyokuwa naikosa kidato cha tatu chote.

Ilikuwa Septemba, jua kali, milima ya Uluguru imefifia kwa moshi wa mashamba yanayochomwa. Wakati wa mapumziko nikapanga madawati mawili. Darasa likafanya duara, wasichana wakiwa mbele, jambo ambalo liliniongezea sentimita kadhaa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile na mimi mwenyewe, adhabu ya kuchelewa, na niliideki vizuri sana kwa bahati mbaya. Shabani alishika dawati la kulia kwa nguvu zake zote. La kushoto halikuwa na mtu.

Likaondoka.

Nilisikia mchano mrefu, kama mwenye duka anapochana kitenge. Nikawaza: suruali. Nikaipapasa suruali, nzima. Hapo ndipo nilipoogopa. Watu wakapiga makofi, maana msamba ulikuwa umekamilika, nimefika mpaka chini. Kengele ikalia, wakakaa, mwalimu wa Hisabati akaingia, na mimi bado niko sakafuni katikati ya madawati.

"Remi, inuka."

"Siwezi, mwalimu."

"Unafanya nini hapo?"

"Nafikiri, mwalimu."

Nilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa muuza maji, Shabani akisukuma na kuimba nyimbo za misiba.

Sasa nikutambulishe nyumbani kwetu, maana ugonjwa hauugui peke yako. Baba ni Mpare, alikuja Morogoro kufuata kazi ya kiwanda. Kiwanda kilipofungwa akahamia kwenye viatu vya mitumba, anauza sokoni. Mama ni Mluguru wa milimani, juu ya Mgeta. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Kwa hiyo mimi nina baba anayeninunulia viatu na mjomba anayeamua vinaelekea wapi. Mara nyingi wanaelewana. Mara nyingi hawapo pamoja.

Na kuna dada yangu, Kolasta. Yeye alilelewa na bibi huko juu, na harusi yake ilikuwa imepangwa Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Lori la mboga linafika mwisho wa barabara, baada ya hapo ni miguu, unapanda mpaka unaanza kukumbuka dhambi zako. Kutoka kwa bibi kwenda kwenye kanisa la misheni ni njia hiyo hiyo nyembamba inayozunguka ubavu wa mlima. Kolasta alikuwa ameshatangaza, mbele ya mama na mbele ya mchumba wake, kwamba yeye hapelekwi kanisani na gari, maana gari halifiki, na hapelekwi na watu wanaotembea kama wanapeleka jeneza. Atapelekwa na Remi akicheza mbele ya ngoma. Tangu nikiwa mdogo ndiye mchezaji wa nyumba yetu. Sina sauti, sina adabu, lakini miguu ninayo.

Nilikuwa nayo.

Aliposikia yaliyonipata alituma salamu kwa dereva wa lori la kabichi: "Mwambieni Remi asipokuja kucheza sitoki ndani. Bwana harusi aoe bibi."

Mjomba Deo alishuka na lori lililofuata. Akaingia, akanitazama nilivyolala mkekani miguu imeachana kama mkasi, akatoa hukumu.

"Hiyo ngiri."

"Ni msuli, shemeji," baba akasema.

"Umesomea udaktari wapi?"

"Na wewe?"

"Mimi nimeona ngiri kabla hujajua kuna milima. Mtoto aje juu, yuko mzee anayezichua. Anakukandamiza hapo, unalia mara moja, basi."

Niliposikia "anakukandamiza hapo" nikaunga mkono upande wa baba papo hapo. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Baba, kama Mpare halisi mpenda kesi, alitaka kesi isikilizwe kuanzia mwanzo na mashahidi waitwe. Mwishowe wakakubaliana: hospitali ipewe nafasi mpaka Noeli. Noeli ikifika sijatengemaa, mjomba ananichukua, nakwenda kukandamizwa, na harusi nitaisikilizia dirishani.

Kesho yake mama akanipeleka hospitali.

Kuhusu kusubiri hospitali, nina ushauri mmoja tu: wahi mwisho wa benchi. Ukikaa katikati utabanwa mapaja, na mapaja ndiyo mgonjwa wako. Mimi nilikaa katikati, natokwa jasho, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amepooza upande wa kushoto akanitazama usoni, akaelewa bila kuuliza. Akajikokota, akanipisha mwisho wa benchi, nikanyoosha mguu kwenye korido. "Nyoosha, mjukuu wangu," akasema. "Tutaitwa wote." Sijawahi kupewa zawadi nzuri kuliko ile, na nimewahi kupewa baiskeli.

Daktari alinitazama kwa muda mfupi kuliko ninavyotazama mtihani wa Fizikia, akaandika kikaratasi, akanielekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Huko ndiko nilikokutana na Bi. Kalunde.

Chumba chenyewe kilikuwa na mikeka, ngazi ya mbao ya ukutani, vyuma viwili vya kushikilia wanaojifunza kutembea, na mama mmoja mfupi, mnene, mwenye koti jeupe na mikono ya mtu anayekanda maandazi ya shule nzima.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Remi."

"Mtu wa wapi?"

"Hapa hapa. Kwa mama ni Mluguru."

Akaweka kalamu chini. Akatabasamu polepole, kama paka aliyefunguliwa kabati.

"Mluguru! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Mali yangu umejileta mwenyewe, bila hata kukamatwa?"

Kwa asiyejua, Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikutisha hutishiki. Akikwambia umekufa unamuuliza mazishi lini. Na ukifa kweli atakuja msibani kukuigiza, atadai nguo zako, na wafiwa watacheka huku wanalia. Hiyo ni sheria kuliko za bungeni. Nikasahau paja.

"Mama, kumbe nimeletwa kwa wapagazi," nikasema.

"Ndiyo, wapagazi tuliopita hapa chini na mizigo tukawasikia ninyi juu mnalia, maboga yameporomoka. Kwenu mtu akilima bila kujifunga kamba, si anavunwa huku chini mjini, Msamvu?"

Mama akacheka mpaka akashika vyuma. Hata wagonjwa wengine wakacheka. Halafu Bi. Kalunde akanilaza mkekani.

"Unaumwa wapi?"

Nikashusha kidevu.

"Kidevu?"

"Chini."

"Kifua?"

"Chini zaidi."

"Mwanangu, tutafika unyayoni hatujakutana nao. Humu ndani kuna mapaja tu na mimi ndiye fundi. Sema."

Nikasema. Hapakutokea kitu. Dunia ikaendelea. Kwa hiyo nakushauri: sema mapema.

Wiki za mwanzo zilikuwa za barafu na kulala. Paja liligeuka zambarau, zambarau ikashuka mpaka karibu na goti, ikawa kijani, ikamalizikia njano. Nilimwonyesha Shabani kwa kiingilio cha andazi. Barafu ilitoka kwa jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa kwanza mtaani kununua friji tangu maduka yajae vitu, na friji yake ilikuwa na kazi moja: kugandisha juisi ya ukwaju kwenye vifuko vya plastiki na kuwauzia watoto. Barafu tupu hakuwa nayo. Basi nikatibiwa kwa ukwaju. Naifunga kwenye kitambaa, naiweka mahali husika, ikianza kuyeyuka naila. Mama aliniona siku moja, akashika kichwa, akasema sitaoa.

Baada ya barafu yakaja mazoezi. Unalala chali, unakunja magoti, unaweka mpira katikati ya magoti, unabana, unaachia. Basi. Kazi ya mtoto mchanga, na mara ya kwanza nilitetemeka kama gari bovu linalowashwa asubuhi. Mpira wa nyumbani alinishonea baba. Kwenye marobota ya mitumba huwa zinaangukia soksi moja moja ambazo wenzao wamebaki Ulaya. Alizikusanya, akazishindilia, akashona kwa uzi wa viatu. Aliuacha pembeni ya mkeka akaenda sokoni. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile nilibana ule mpira bila kumtania mtu.

Vuli zilipoanza kunyesha, milima ikaoshwa, ukaona kila korongo, na mimi nikaanza kutembea bila kuchechemea. Bi. Kalunde akafurahi. Akaniongezea zoezi la kuvuta mguu dhidi ya tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mguu wa meza. Siku hiyo wakati naondoka akasema:

"Sasa sikia, Mluguru. Kukimbia marufuku. Mpira marufuku. Mpaka mimi niseme. Ukikimbia utachanika tena, nitakuzika mwenyewe, na hilo shati lako la mitumba naondoka nalo Tabora."

"Ukichimba kaburi kwetu utaporomoka nalo," nikamjibu.

Tukacheka. Nikatoka nacheka. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa ambalo Mzungu asingelifanya, maana Mzungu hana mtani. Kichwani mwangu yale maneno yote yalikuwa furushi moja. Kuzikwa, utani. Shati, utani. Mpira marufuku... huyu mama si mtani wangu? Toka lini Mluguru akatii amri ya Mnyamwezi? Ningeitii ningeuaibisha ukoo.

Jumamosi iliyofuata vijana wa mtaani walicheza chandimu kwenye kiwanja nyuma ya nyumba, matope tele, raha tupu. Nikaingia. Nilikimbia vizuri kabisa, nikafunga goli moja, nikashangilia mpaka kwa wapinzani. Mpira wa pili ukaja kushoto, mbali kidogo. Nikanyoosha mguu.

Sauti ile ile. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Shabani alikuja mbio, akaniona uso, akaacha kucheka. "Remi, na harusi?" akaniuliza. Nilikaa kwenye matope, mvua ikaanza tena, na kwa mara ya kwanza nikaliona lile dirisha ambalo ningesikilizia ngoma.

Mjomba alifika na magunia ya karoti kwa ajili ya lori la Dar, akakuta nimelala pale pale aliponiacha mwezi wa tisa.

"Si nilisema ngiri?"

"Alicheza mpira!" baba akafoka. "Hata mguu mzima ungechanika!"

"Mpare, mtoto huyu ni wa ukoo wetu. Kesho napanda naye."

"Ukoo wenu ndio unaomnunulia dawa?"

Mama yangu si msemaji. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akasimama.

"Huo mguu nimeuzaa mimi," akasema. "Baba Remi, nyamaza. Kaka, nyamaza. Noeli bado. Kesho tunarudi kwa yule mama Mnyamwezi, na wewe kaka unakuja, ujionee kwa macho yako. Na wewe Remi, ukicheka nakuongezea mguu wa pili."

Sikuwa nacheka, lakini niliacha.

Bi. Kalunde aliponiona naingia nimeshikwa kwapa pande zote mbili, hakutukana. Hakutaja maboga. Aliniambia, "Lala," akapima, akabonyeza, akaandika. Ukimya ule uliniuma kuliko paja. Mjomba, aliyekuwa ameshanong'onezwa kwamba huyu ni Mnyamwezi, hakuweza kuvumilia.

"Eti wewe ndiye mpagazi unayemwangusha mtoto wangu?"

"Mzee, shikamoo. Subiri kidogo," akasema, mkono juu. Akanigeukia. "Remi, nilikukataza usikimbie?"

"Ulinikataza."

"Mbona ulikimbia?"

"Nilidhani unanitania."

Nilitegemea bakora ya maneno. Badala yake akakaa kwenye kigoda, akajishika kiuno.

"Basi kosa tumegawana," akasema. "Nilikupa dawa na utani kwenye kikombe kimoja. Kuanzia leo, nikiwa nimevaa hili koti sina kabila. Nikisema simama, simama. Nikilivua, natoka Tabora. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mzee, sogea. Remi, simama. Kohoa."

Nikakohoa, yeye amebonyeza pale chini ya tumbo. Akamwita mjomba aweke mkono wake mwenyewe. Nikakohoa tena, na tena, mjomba kakunja uso kama anasikiliza redio ya mbali.

"Ingekuwa ngiri ingechungulia," Bi. Kalunde akamweleza. "Kuna kitu kinachungulia?"

"Hakuna," mjomba akakiri.

"Asante." Akavua koti, akalitundika kwenye msumari. "Haya, mzee wa maboga, ulikuwa unasemaje?"

Wee! Chumba kililipuka. Mjomba alikuwa ameweka akiba tangu asubuhi. Walitukanana mpaka wahudumu wakaja kuchungulia mlangoni, na yule mzee wa benchini, ambaye sasa alikuwa ameshaanza kutembea kwenye vile vyuma, aliachia mkono mmoja ili afute machozi ya kicheko, akagundua amesimama kwa mkono mmoja. Akapigiwa makofi. Mjomba akapewa mpira abane kwa magoti, "tuone Mluguru mzima anafananaje," akabana, akatoa mlio ambao sitauandika hapa. Alitoka amenunuliwa. Nyumbani alimwambia baba, "Yule mama anajua kazi," kisha akaongeza haraka, "ingawa ni Mnyamwezi."

Baba akajibu, "Kesi imefungwa." Wakanywa chai ikiwa ya moto.

Kwa hiyo ukichanika mara ya pili, usikate tamaa, lakini jiandae: mara ya pili ni ndefu, na haina hata raha ya kusimulia. Rangi zilirudi. Ukwaju ulirudi. Soksi za baba zilirudi katikati ya magoti. Nilifanya mtihani wa mwisho wa mwaka nimekaa upande mmoja kama malkia. Kuna siku nililala naangalia bati, mvua inapiga, najiambia hili paja halitapona, nitakuwa yule babu anayewaambia watoto "zamani nilikuwa nacheza". Siku hizo zipo, sitakudanganya. Dawa yake ni kufanya zoezi hivyo hivyo ukiwa umenuna. Msuli haujui kama umenuna.

Desemba ilipoingia Bi. Kalunde akamwita mjomba, koti likiwa mwilini.

"Nieleze hiyo njia ya kwenu."

Mjomba akashangaa, maana hakuna mtu wa mjini aliyewahi kumuuliza hilo. Akaeleza. Mwanzo ngazi za udongo, kila moja juu ya goti. Halafu gogo la kuvukia. Halafu kipande cha kutembea kiubavu, bonde mkono wa kushoto. Halafu kijito cha kuruka.

"Upana?"

"Kama hii meza."

Bi. Kalunde akaigeuza ile njia kuwa mazoezi. Nilipanda na kushuka kigoda nikiwa na mfuko wa mchanga mgongoni. Nilitembea kiubavu kama kaa, tyubu imefungwa miguuni. Niliruka ufagio, kwanza mmoja, halafu mifagio miwili iliyoachana, halafu upana wa meza. Mjomba alikuwa mkaguzi. "Pale pana utelezi," anasema, na Bi. Kalunde anamwaga maji kidogo sakafuni. Kwa hiyo nilipanda milima ya Uluguru yote ndani ya chumba kimoja.

Siku chache kabla ya Noeli akanibana, akanivuta, akaniamuru niruke, nizunguke, nichuchumae. Mama alikuwa ameshika rozari, mjomba ameshika kofia. Bi. Kalunde akafunga vifungo vyote vya koti, mpaka cha shingoni, nikajua linalofuata ni la kweli.

"Panda," akasema. "Cheza. Ukisikia paja linavuta, punguza. Ukisikia linachoma, acha. Msamba, hapana. Mpaka uwe na wajukuu."

Mama alimkumbatia akiwa na koti na bila koti.

Januari tukapanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, tumekaa juu ya makapu, baridi inazidi kila kona. Mwisho wa barabara mjomba alikuwa anatusubiri na vijana wawili na machela ya miti, ile tunayobebea wagonjwa kuteremka.

"Ya nini hiyo, mjomba?"

"Tahadhari."

"Pakia soda."

Wakapakia soda, na gunia la mchele, na begi la mama, na mimi nikatangulia kwa miguu yangu. Ngazi za udongo nilizijua. Nilizipanda kwenye kigoda. Kiubavu nilipita kama kaa. Kwenye kijito, vuli ilikuwa imekitanua zaidi ya meza yoyote niliyowahi kuona. Wote wakasimama nyuma yangu. Paja lilikuwa linavuta. Nikalisikiliza vizuri: linavuta, halichomi. Nikaruka. Nikafika ng'ambo na matope mpaka masikioni, na nyuma nikamsikia baba, Mpare wa watu, akipiga vigelegele. Mwanamume mzima. Hakuna aliyemcheka isipokuwa sisi sote.

Bibi alikuwa amesimama uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Geuka. Tembea. Rudi." Akanikagua kama anayenunua mbuzi. "Haya. Kale ugali."

Ndani nikasikia sauti ya Kolasta: "Kaja kwa miguu au kabebwa?"

"Zimebebwa soda!" nikapaza sauti.

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa umekaa mlimani. Ngoma zikaanza. Kolasta akasimama mlangoni na shela yake, akagoma kutoka, macho kwangu. Nikaingia mbele ya ngoma. Nitasema ukweli, mwanzo nilicheza mguu mmoja. Wa kulia unacheza, wa kushoto unasindikiza kama mgeni asiyejua wimbo. Watu wanapiga makofi lakini najua bado. Tukaanza kushuka njia ya kanisani, wanawake wakaupokea wimbo, ukungu ukafunguka, bonde lote likaonekana mpaka Mgeta chini na mashamba yamepangwa kama viraka, na katika kuangalia bonde nikausahau mguu. Nilipoukumbuka, ulikuwa umeshaingia kwenye ngoma wenyewe, nyonga imefunguka, chini juu, chini juu, hausubiri ruhusa ya mtu. Nikageuka. Kolasta alikuwa anatembea, analia, anacheka, na shela imejaa matope.

"Ongeza!" akapiga kelele.

Nikaongeza.

Asubuhi iliyofuata nyumba nzima iliamka vibaya. Mama alishuka kitandani kwa hatua ndogo ndogo. Mjomba alitembea kwa kujishika ukuta. Baba, ambaye hajazoea milima, alikaa kwenye kiti akaomba aletewe kila kitu. Bibi anadai ni magoti, lakini sote tulimwona alivyocheza. Nikasimama nami, nikapiga hatua uani, nikasikia mapaja yananiuma. Yote mawili. Sawasawa, kulia na kushoto, kama ya mtu yeyote aliyecheza harusi ya dada yake. Nikakaa kwenye benchi katikati ya mama na mjomba, nimebanwa pande zote, tukasubiri uji.